Maganda Kutoka Zizi la Radi

Ukimwamkia Jenoveva, haitiki papo hapo. Kwanza anainua uso na kutazama mbingu ya upande wa ziwa, kisha ya upande wa Bunda, ndipo anarudisha macho kwako na kusema, "Marahaba, karibu," kama mtu aliyetoka kidogo akarejea. Hilo ndilo jambo la kwanza ambalo mgeni hulitambua kwake, kabla hajaviona vidole vyake vilivyobabuka kwa utomvu, kabla hata hajaziona safu za miche kwenye makopo na viriba vyeusi mbele ya nyumba yake, kando ya barabara kuu pale Kiabakari. Wateja wapya hudhani anamshukuru Mungu. Wengine hudhani ni maringo. Vijana wa bodaboda walimpa jina la Mama Hali ya Hewa, na wakipita asubuhi ya kiangazi humpigia kelele, "Mama Hali ya Hewa, leo inasemaje?" Naye huitazama mbingu nyeupe isiyo na wingu hata la kusingiziwa, halafu huwajibu bila mzaha, "Mpaka sasa salama."

Alikuwa akiogopa radi. Haikuwa ile hofu ya kila mtu, ya kuzima simu, kufunika kioo na kuvua nguo nyekundu mvua inapoanza kunguruma. Yake ilikuwa hofu ya mtu aliyechukua kitu kisicho chake, na anayejua kwamba mwenyewe bado yuko hai.

Mume wake, Clementi, alikuwa fundi uashi huko Bugwema. Mwaka waliooana alikwenda Musoma mjini kumjengea mtu ukuta, na aliporudi alikuwa na kipande cha tawi kilichoviringishwa ndani ya gazeti lililoloa.

"Nimekuletea tarumbeta," alisema.

"Mimi na tarumbeta wapi na wapi?"

"Litapiga lenyewe. Kazi yako ni kusikiliza kwa macho."

Alikichomeka kando ya nguzo ya zizi la ng'ombe. Mmea ukashika, ukaanza kutambaa. Ulitoa vizizi vidogo kama miguu ya tandu, ukaing'ang'ania nguzo, ukapanda fito baada ya fito, na ulipofika juu ukatoa maua marefu yenye midomo wazi, mekundu kama kaa linapopulizwa. Kila Clementi alipotoka kazini alisimama mbele yake akaweka kiganja sikioni. "Unasikia?" angeuliza. Jenoveva angemjibu kwamba anachosikia ni harufu ya saruji, aende akaoge.

Alasiri moja ya vuli, ndama alinasa mguu katikati ya fito za zizi. Matone ya kwanza yalikuwa yameanza kudondoka. Clementi alikimbia kumnasua. Jenoveva alikuwa kwenye mlango wa jiko, amemshika mkono Jenipher, binti yao mdogo. Aliona weupe. Mlio ulikuja baadaye, au pengine ulikuja pamoja na ule weupe na masikio yake ndiyo yaliyochelewa. Mpaka leo hawezi kusema. Macho yalipomrudia, Clementi alikuwa amelala chini na ndama amelala, na nyuma yao tarumbeta lilikuwa limesimama na maua yake yote. Halikuwa limedondosha hata moja.

Baada ya mazishi, kaka yake marehemu, Thadeo, aliweka neno mbele ya wazee wa ukoo. Mahali pale hapakuwa pao tena. Kilichokuwamo kisitoke: fito isitoke, samadi isitoke, hata jani lisitoke. Kitakachotoka, radi itakifuata kukidai. Padri aliyekuja kuongoza sala alikuwa amekwisha kueleza kwa upole kwamba radi ni mambo ya mawingu, na wazee wote waliitikia amina, kisha wakaenda zao wakilizunguka zizi kwa mbali kama walivyokuja.

Msiba ulipopita na Jenoveva alipoamua kurudi kwao Kiabakari, Thadeo mwenyewe ndiye aliyemfungia mizigo. Jenoveva akasema anakwenda chooni mara moja. Hakwenda chooni. Aliingia zizini, ambamo majani yalikuwa yamefika magotini, akanyoosha mkono. Maganda ya mbegu yalikuwa yakining'inia, makavu, marefu na membamba kama ala za visu. Alivunja yaliyoenea kwenye ngumi moja akayaficha kifuani ndani ya blauzi. Njia nzima yalimkwaruza. Kama angeulizwa ameyachukua ya nini, asingekuwa na jibu la kueleweka, ila kwamba alitaka kitu cha Clementi ambacho hakijafa.

Mbegu zenyewe zilikuwa nyepesi ajabu, kila moja na mbawa zake nyembamba kama za kumbikumbi. Alizipanda kwenye kopo lenye mchanga na mboji, akalificha nyuma ya jiko. Siku zilipita bila dalili yoyote, na kila asubuhi alipochungulia ndani ya kopo aliona utupu, akasikia mambo mawili kwa pamoja, huzuni na nafuu. Kisha mche mmoja ukachomoza. Jenoveva alipiga magoti, akatazama mbinguni. Ndipo mazoea yale yalipoanza.

Aliuhamishia kwenye nguzo ya mwisho ya uzio, mbali na nyumba kadiri kiwanja kilivyoruhusu. Ulikaa miaka ukitoa majani matupu, naye akaamini kwamba maua yamebaki Bugwema kama malipo. Yalipotoka hatimaye, mekundu vilevile, watu wa barabarani walianza kusimama. Alikuwa akiuza miche ya mipapai, mikorosho na maua ya mapambo, lakini kila mteja alinyoosha kidole kwenye uzio. Basi akajifunza kuuzalisha kwa vipandikizi. Alichagua tawi lisilo changa sana wala gumu sana, la unene wa penseli, akalikata kidogo chini ya kifundo, akaondoa majani ya chini na kuacha mawili ya juu, akalichomeka kwenye mchanga wenye unyevu na kulifunika kwa chupa ya maji iliyokatwa kitako, ili lisikauke kabla halijatoa mizizi. Utomvu ulimwasha mpaka akababuka. Tarumbeta likaenea Kiabakari: kwa jirani yake Mama Florian, kwa Yusto wa bodaboda, kwa walimu, mpaka kwenye nyumba moja ya wageni. Hakumwambia mtu lilikotoka. Mtu mmoja tu alimnyima kabisa kabisa, naye ni Jenipher.

"Mama, hata kipande? Unawapa watu baki."

"Chukua waridi. Chukua chochote."

"Mimi nataka la baba."

"Nimesema hapana, Jeni. Tusirudie."

Jenipher alikua, akaolewa Bweri, kando ya Musoma mjini, na kijana anayeitwa Hezron, muuzaji wa duka la vifaa vya ujenzi. Mimba yake ya kwanza iliharibika ikiwa imekwisha kuonekana, wakati wa mvua. Hezron hakuwa na mama tena, kwa hiyo shangazi yake ndiye aliyemuuguza Jenipher. Jenoveva alizipata habari kwa simu ya Jenipher akiwa kitaluni. Alisikia neno "mvua" na hakusikia lililofuata.

Mwaka huu Jenipher alishika mimba tena. Walikubaliana kwamba vuli ikikaribia atakuja Kiabakari, ajifungue akiwa karibu na mama yake. Jenoveva alipaka chumba chokaa, akashona pazia. Ndipo asubuhi moja, akimwaga maji nje, alipoona kitu chini ya dirisha la chumba hicho. Lilikuwa chipukizi la tarumbeta.

Uzio ulikuwa mbali. Kati yake na nyumba kulikuwa na kitalu, njia na kichanja cha vyombo. Aliutafuta mzizi kwa jembe, akaukuta umetambaa chini kwa chini, haukugusa mche mwingine wowote, umekuja moja kwa moja ukutani. Mtu wa maua anajua kwamba mmea wa aina ile hufanya hivyo. Jenoveva alijua pia. Lakini alichokiona ni kitu kilichomtafuta binti yake kikajua atalala wapi. Aliukata mzizi. Baada ya muda yakatoka machipukizi mengine pale pale, mengi zaidi, kwa sababu mzizi uliokatwa huchipua kila penye jeraha. Akayang'oa, yakarudi.

Simu za Jenipher zilikuwa za kawaida.

"Unaendeleaje, mwanangu?"

"Niko salama, mama. Kichwa tu. Na viatu vimeikataa miguu, navaaga ndala za Hezron."

"Huko mawingu yakoje?"

"Mama, mimi nakwambia miguu, wewe unaniuliza mawingu?"

Ilikuwa siku ya mnada wa ng'ombe pale Thadeo alipopita. Alikuwa amezeeka, amevaa kofia na koti zito. Mama Florian alikuwa akichagua miche, na Yusto alikuwa ameegesha pikipiki akinywa chai ya rangi.

"Shemeji, za masiku?"

Jenoveva alitazama juu. "Nzuri, shemeji. Karibu kiti."

Thadeo hakukaa. Alikuwa akitazama nyuma yake, kwenye uzio. "Ile ni nini?"

"Maua tu."

"Maua nayaona. Nakuuliza yametoka zizi gani."

Mama Florian alicheka. "Baba, maua yanatokaga zizini siku hizi?"

"Haya yalitokea zizini," alisema Thadeo. "Pale ndugu yangu alipopigwa na radi. Niliweka neno kwamba kitu chake kisitoke. Leo nakikuta barabarani, kinauzwa."

Hakusema kwa hasira, na hilo ndilo lililomtisha Jenoveva. Angemgombeza, Jenoveva angekuwa na la kumjibu. Thadeo alivua kofia, akauliza taratibu, "Jeni yuko wapi?"

"Bweri, kwa mumewe. Ni mjamzito. Anakuja kujifungulia hapa."

Mzee aliutazama mmea, akaitazama nyumba. "Basi sina la kuongeza," alisema. Akavaa kofia akaondoka.

Kesho yake Mama Florian alikuja na tarumbeta lake limeng'olewa na udongo wake, ndani ya ndoo. "Mama Jeni, mimi na wewe hatuna ugomvi," alisema akiliweka getini kwa uangalifu kama anayeweka yai. "Ila mimi nyumba yangu ni ya bati."

Yusto naye alileta la mkewe nyuma ya pikipiki, limefungwa kwa mpira. "Ungetuambia tu, Mama Hali ya Hewa. Mimi nalalaga chini ya kitu hiki mchana kutwa najisifu nimepata kivuli! Kumbe nimejianika."

"Yusto, mimi sikujua…"

"Ulijua, mama. Wewe ndiye uliyekuwa unatazama juu."

Wengine walirudisha kimya kimya, kwenye makopo, mifuko ya saruji na sufuria zilizotoboka, na mmoja alilirusha lake juu ya uzio akakimbia. Getini pakajaa. Jenoveva hakuthubutu kuyamwagilia maji yale matarumbeta wala kuyaacha yakauke. Aliyaona kama madai yote yaliyokuwa yametawanyika mitaani sasa yamekusanyika mlangoni kwake, na wingu likija halitakuwa na haja ya kuuliza njia.

Asubuhi ambayo Jenipher alitarajiwa kufika, Jenoveva alichukua panga. Aliuendea mmea wa kwenye nguzo, ule wa kwanza, uliotoka kwenye ganda la Bugwema. Shina lilikuwa nene kama mkono wa mtoto. Alipolikata lilitoa maji. Alivuta matawi, yakang'oka na vipande vya magome ya nguzo, maua yakamwangukia kichwani na mabegani, naye akayapangusa upesi kama siafu. Utomvu ulimwasha mpaka viwikoni. Alirundika kila kitu kando ya barabara. Kuchoma hakuthubutu, kwa sababu moto ni ndugu wa radi. Alipomaliza alisimama mbele ya nguzo tupu. "Nisamehe, Clementi," alisema. "Mtoto ni wetu wote."

Simu ikalia. Alikuwa Hezron.

"Shikamoo, mama."

Jenoveva alitazama juu. Upande wa ziwa mawingu yalikuwa yamesimama kama ukuta ambao fundi bado anaupandisha. "Marahaba, baba. Mmeshatoka?"

"Hatujatoka. Jeni kichwa kinamuuma vibaya, anasema anaona vimulimuli. Nataka nimpeleke hospitali, hataki. Anasema kule aliingia na mtoto akatoka mikono mitupu, harudi bila mama yake." Sauti ya kijana ikapasuka. "Mama, nakuita. Nakuita mimi mwenyewe."

Jenoveva alielewa uzito wa maneno hayo. Kwa watu wa kwao, mama haendi nyumbani kwa mume wa binti yake kama anayekwenda sokoni. Hukaa kwake akangoja aitwe kwa heshima, na Hezron, aliyekuwa akijipanga kwa sherehe ya kumwita, alikuwa bado hajafikia hapo. Ndiyo maana kwa miaka yote ya ndoa ile Jenoveva hakuwahi kukanyaga Bweri.

"Nakuja," alisema.

Alinyakua kanga kambani, akatoka mbio. Hakutaka kungoja gari. Yusto alimtazama, akatazama wingu, akatazama pikipiki yake.

"Mama Hali ya Hewa, leo inasemaje?"

"Yusto, washa."

Waliikimbilia mvua badala ya kuikimbia. Walipofika Makutano ngurumo ilikuwa ikisikika juu ya injini. Jenoveva alifumba macho akamkumbatia Yusto kiunoni kwa nguvu zake zote.

"Mama, ukinibana hivyo nitazaa mimi!"

Hakuweza kucheka. Alikuwa amefumbua macho akaona kanga aliyojifunika. Ilikuwa nyekundu. Kati ya kanga zote zilizokuwa kambani mkono wake ulikuwa umechagua nyekundu, naye yuko juu ya chuma, uwandani, chini ya wingu. Alitaka kuiachia ipeperuke barabarani. Lakini mjamzito hapelekwi hospitali bila kanga, na hakuwa na nyingine. Akaikunja, akaificha kifuani ndani ya blauzi, akaisikia ikimkwaruza.

Nyumba ya Hezron ilikuwa mpya, matofali bado hayajapigwa lipu, kwenye mtaa ambao nusu ya viwanja vilikuwa bado mashamba ya mihogo. Hezron alisimama barazani. Yusto alizima pikipiki, na Jenoveva akashuka, akapiga hatua kuelekea mlangoni. Akasimama.

Mmea ulikuwa umepanda upande mmoja wa mlango, ukavuka juu ya fremu, ukateremka upande wa pili mpaka dirishani. Vizizi vyake kama miguu ya tandu vilikuwa vimeng'ang'ania matofali. Karibu kabisa na bati palikuwa na kishada cha vitumba vilivyofumba, ncha zake zimeanza kuiva wekundu.

"Mama, karibu ndani," alisema Hezron, akiwa ameinamisha macho kwa adabu. "Mama?"

"Nani ameleta kitu hiki hapa?"

"Ni mimi, mama," sauti ya Jenipher ilitoka ndani, nzito. "Niliiba. Siku ya kuniaga, mlipokuwa mnaimba. Nikasema naenda chooni, nikaingiza mkono uzioni nikavunja maganda."

Yusto alikohoa akageukia barabara.

Umeme ulimulika. Jenoveva aliinua uso, na kwa mara ya kwanza hakuiona mbingu, kwa sababu tarumbeta lilikuwa limeiziba. Ilibidi apite chini yake. Alijikunyata, akapita mlangoni kama anayepita chini ya ng'ombe mkali, akajikuta sebuleni kwa mkwe wake.

Jenipher alikuwa amekaa sakafuni kwenye mkeka, ameegemea ukuta.

"Ulikuwa umeshaota?" Jenoveva aliuliza akiwa bado amesimama. "Ile mimba ya kwanza. Mmea ulikuwepo?"

"Mama…"

"Ulikuwepo?"

"Ulikuwepo. Na mvua nyingine zote ulikuwepo, zikanyesha, nikaamka." Jenipher alifumba macho kwa maumivu. "Ile ilikuwa presha, mama. Daktari alisema hivyo, nami nikakwambia kwenye simu. Hukusikia. Ulikuwa unatazama juu."

Ngurumo ilipita juu ya bati, ikatikisa vikombe kabatini. Jenoveva hakutazama juu. Alikuwa ameiona miguu ya binti yake ndani ya zile ndala za Hezron. Ilikuwa imevimba mpaka mikanda imezama. Uso nao ulikuwa umejaa, kope nzito, kama uso wa mtu mwingine aliyefanana na Jeni. Viatu vimeikataa miguu. Alikuwa ameambiwa. Ameambiwa na kuambiwa tena, akauliza habari za mawingu.

Ikamjia hofu nyingine, ambayo haikutoka mbinguni. Hii ilikuwa pale mkekani, ina miguu, inahema. Alipiga magoti akabonyeza kifundo cha mguu kwa kidole, na shimo la kidole likabaki.

"Hezron!" aliita, akasahau hata adabu ya mkwe. "Bajaji. Sasa hivi!"

"Mama, mvua ikipungua kidogo…"

"Sasa hivi, baba. Hatungoji mvua."

Bajaji ilipofika, wingu lilikuwa limepasuka na njia imegeuka mto. Jenoveva alimshika Jenipher upande mmoja, Hezron upande wa pili. Pale mlangoni Jenipher alisita. "Mama, usiniache peke yangu kule."

"Sikuachi. Nimekushika."

Wakatoka chini ya vitumba vile. Wakati huohuo weupe ulijaa dunia yote, na mlio ukaja karibu sana, mahali fulani kwenye mihogo. Yusto alijitupa chini ya baraza. Macho ya Jenoveva yalibaki chini, kwenye miguu iliyovimba, akiichagulia mahali pa kukanyaga. "Hapa," alikuwa akisema. "Sasa hapa. Kuna jiwe, Jeni. Hapa."

Hospitalini nesi alipima presha, akapima tena, akaacha kuongea na mgonjwa akaanza kuongea na mwenzake kwa haraka. Daktari mwanamke akaja. Moyo wa mtoto unapiga, alisema, lakini mama hawezi kungoja uchungu, lazima wapasue. Jenoveva alimshika Jenipher mkono mpaka kwenye mlango ambao ndugu hawaruhusiwi kuuvuka. Mlango ukafungwa.

Sasa amekaa kwenye benchi la korido. Hezron amekaa benchi hilohilo, upande wa mwisho kabisa, ameacha kati yao nafasi ya watu watatu kama inavyompasa mkwe. Nje mvua inapiga bati, na taa zinafifia na kuwaka kila wingu linaponguruma. Yusto, aliyewafuata na pikipiki akiwa ameloa chapachapa, amesimama mlangoni anaikamua fulana yake.

Msichana mmoja aliyemletea mgonjwa wake uji anapita. "Shikamoo, mama."

"Marahaba," anaitika Jenoveva, macho yake kwenye ule mlango.

Yusto anageuka kumtazama.

Hezron anasugua viganja magotini. Anazungumza akitazama sakafu. "Mama, kile kishada cha juu ya mlango ndiyo mara ya kwanza. Mmea haujawahi kutoa ua. Jeni alikuwa akikihesabia siku. Alisema wanashindana na mtoto, nani atatangulia kufunguka."

"Akasema nani?"

"Alisema mtoto."

Jenoveva anatikisa kichwa polepole. Anataka kuuliza kama vitumba vile vimeyastahimili matone makubwa kiasi hiki, na anashangaa kwamba anataka kujua. Hajaacha kuogopa. Kila gurudumu la kitanda linalolia ndani linamsimamisha roho. Lakini nyuma ya hofu kuna kitu kinachomsukuma mbele, mpaka amekaa kwenye ukingo kabisa wa benchi.

Mlango unafunguka kidogo. Nesi anatoa kichwa, barakoa imemfunika mpaka machoni.

"Ndugu wa Jenipher!"

Wote watatu wanasimama, hata Yusto.

"Bado," anasema nesi. "Ndiyo wanamtoa. Leteni kanga ya kumpokelea."

Jenoveva anaingiza mkono kifuani ndani ya blauzi. Kanga ni kavu. Njia nzima ya mvua haijaguswa na tone. Anaikunjua mara moja chini ya taa inayofifia, nyekundu yote, anaitazama, kisha anampa nesi. Mlango unafungwa tena. Wanabaki wamesimama, wametega masikio.